Jiwe Ambalo Kaka Yako Aliliona Kweli

S.L.P. 212,
Benson, Arizona.
6 Mei 2024.

Mpendwa wifi yangu Lavonne,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye jua na vumbi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti lako likiwa limekubali kukunjika, na baridi ya huko kwenu Homer ikiwa imelegea angalau kidogo. Barua yako ya Februari niliipata pamoja na samaki wa kopo. Samaki nimewamaliza, makopo matatu kwa siku nne, nikila nimesimama jikoni, kwa sababu kupanga meza ya mtu mmoja ni kazi isiyo na shukrani. Vipi Tessa, mjukuu wako? Ameshaacha lile wazo la kuhamia kisiwani na yule kijana mwenye ndevu?

Mimi sijambo. Masikio ndiyo yamenigomea, mtu asipokaa mbele yangu simsikii, na simu siku hizi ni pambo tu ukutani. Ndiyo maana nakuandikia, ingawa hata kama ningesikia vizuri jambo hili nisingeliweza kwa simu. Ungeninyamazia katikati ya sentensi, nami nisingejua kama umekasirika au laini imekatika.

Nguruwe pori wamekula maua yangu yote upande wa barabara. Dale, yule jirani mwenye lori bovu, alinishauri nimwage mkojo wa mbwa kwenye ua. Nikamwambia sina mbwa. Akasema, "Basi Verna, tafuta mbwa, maana hata mtu wa kuongea naye huna." Alikuwa anatania, na nilicheka. Baadaye, nikiosha kikombe changu kimoja, sikuona tena cha kuchekesha.

Sasa niache kuzunguka. Lavonne, lile jiwe la Orrin limepatikana.

Ndiyo, lile lile la mwaka themanini na nane, lililofanya wenzake wa kituo cha darubini cha Cerro Pardo wamwite Mzee Vumbi hadi alipostaafu. Halikuwa vumbi kwenye kioo wala macho ya mtu aliyechoka. Ni jiwe, lipo, na kaka yako aliliona kweli. Nimelia sana kwa furaha, na sasa nitakueleza kwa nini nimelia pia kwa sababu nyingine. Nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujaamua lolote juu yangu.

Tarehe kumi na tisa Machi, siku ya Jumanne, msichana mmoja aligonga mlango mpaka akachoka, kisha akazunguka na kuchungulia dirisha la jikoni. Nilishtuka nikaangusha mwiko. Anaitwa Itzel Barraza, mzaliwa wa Nogales, ana miaka ishirini na tisa, na kazi yake ni kutafuta mawe ya angani yanayopita karibu na dunia. Mkononi alikuwa na tamale za mama yake, zile za unga wa mahindi uliofungwa kwenye maganda, zikiwa bado za moto.

"Bi Verna, sikuja kuuza kitu, wala sikuja kuhubiri."

"Basi umekuja kunilisha tu, mwanangu?"

"Nimekuja kuulizia daftari la mzee. La Machi themanini na nane."

Nilijua palepale ni daftari gani. Nilimpa kiti, nikampa kahawa, nikaanza kumweleza habari za nguruwe pori. Alinivumilia kama dakika ishirini hivi, maskini, huku akiitikia kwa kichwa kwa adabu.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwanzoni mwa Machi mashine zao zilinasa jiwe jipya. Walipolifuata kwa siku kadhaa wakaweza kuhesabu njia yake, na kompyuta ikairudisha njia hiyo nyuma, mwaka baada ya mwaka, kuona kama kuna picha ya zamani iliyowahi kulinasa bila mtu kujua. Ikawafikisha kwa Orrin. Usiku wake wa kwanza ulilingana. Wa pili ukalingana. Wa tatu ukakataa, kwa kiasi cha siku nzima.

Nikueleze jiwe lenyewe, maana wewe ni mtu wa kutaka kujua, na mtu wa kumsimulia sina. Urefu wake ni kama uwanja wa mpira, limekaa kama kiazi, na ni jeusi kama mkaa, ndiyo maana ni gumu kuonekana. Linajipindua lenyewe kila baada ya saa mbili na dakika arobaini. Njia yake imetanuka kidogo upande mmoja: kuna wakati linaingia ndani ya njia yetu kulielekea jua, na kuna wakati linatoka nje yake, ila haliifikii Mars. Kulizunguka jua linatumia siku mia tatu themanini na saba. Sisi tunatumia mia tatu sitini na tano. Kwa hiyo kila mwaka linabaki nyuma yetu kama wiki tatu, kisha wiki sita, kisha miezi, mpaka linakuwa upande wa pili wa jua kabisa ambako hakuna anayeweza kuliona. Baada ya miaka kumi na minane tunalifikia tena kwa nyuma, tunalipita, na kwa majuma machache tu tunakuwa majirani. Safari hii lilipita kwa umbali wa mara tisa ule wa mwezi. Dale alipopata habari aliniuliza litatupiga lini, ili asijisumbue kupaka nyumba rangi. Nikamwambia apake, kwa miaka mia na zaidi halina habari na sisi.

Miaka kumi na minane. Themanini na nane, elfu mbili na sita, mwaka huu. Ishike hiyo ya katikati.

Unajua jinsi tulivyokuwa tunafanya kazi, ingawa pengine hukuwahi kuelezwa vizuri. Orrin alikaa kwenye darubini na mabamba yake ya vioo ya kupigia picha, mimi nilikaa pembeni na daftari, taa nyekundu na saa mbili za ukutani. Moja ilifuata Arizona, ya pili Greenwich kule Uingereza, kwa sababu watu wa nyota dunia nzima huandika saa za Greenwich tu ili wasipishane. Na kwetu huku, kiza kinapoingia, Greenwich wameshaingia kesho. Kwa hiyo kila nilichoandika usiku kilibeba tarehe ya kesho yake. Ukiwa Jumapili, unaandika Jumatatu. Nilifanya hivyo miaka mingi mpaka nikawa nakosea kwenye hundi na kadi za Krismasi, lakini kwenye daftari sikukosea.

Nilikosea mara moja.

Usiku wa kwanza ulikuwa Jumatano tarehe tisa, nikaandika kumi. Wa pili Alhamisi tarehe kumi, nikaandika kumi na moja. Kisha mawingu siku mbili. Jumapili mbingu zikafunguka. Jumapili hiyo ilikuwa tarehe kumi na tatu Machi, siku niliyotimiza miaka arobaini na miwili, na kaka yako hakukumbuka. Hakukumbuka asubuhi, wala tulipokula maharage mchana, wala njiani tukipanda mlima. Unamjua. Si kwamba hakunipenda, ila kichwa chake kilikuwa na nafasi ya kitu kimoja kwa wakati mmoja, na wiki ile kitu hicho kilikuwa jiwe.

Mimi nilikuwa nimenuna. Ilipofika saa mbili usiku, alipotaja kuwa bamba limefunguliwa, nikaandika 13 Machi. Niliiandika kwa kukandamiza kalamu, kubwa, ili atakapokuja kutia sahihi aione akumbuke. Nilijua kuwa ilitakiwa kumi na nne. Nilikusudia aione, tucheke, kisha niikate nisahihishe. Akaja, akatia sahihi bila kusoma, kama kawaida yake. Halafu upepo ukaanza, tukakimbilia kufunga paa la darubini kabla mchanga haujaingia, na baada ya hapo sikuikumbuka tena. Asubuhi nilipiga chapa nafasi zote tatu za jiwe kama zilivyokuwa daftarini, nikazituma.

Wenye kuhesabu njia waliona jiwe linalotembea vizuri siku mbili, kisha siku mbili zinazofuata limekimbia mwendo wa siku tatu. Jiwe halifanyi hivyo. Usiku wa tatu ukatupwa, na nafasi mbili zilizobaki hazikutosha kulitafuta tena. Dk. Gaither, aliyekuwa mkuu wetu, akasema mbele ya watu wote kwenye chumba cha chakula, "Orrin, safari ijayo futa kioo kabla hujagundua ulimwengu." Walicheka mpaka na wapishi. Yeye naye alicheka, kisha akarudi kupima upya. Alipima lile doa la jiwe kwenye bamba mara kumi na moja, Lavonne. Nafasi aliipima, ukubwa aliupima, kioo alikisafisha. Tarehe hakuigusa, kwa sababu tarehe niliandika mimi, na mimi sikuwa nakosea.

Mwaka ule ule ndipo ulipomwandikia arudi Nebraska, kwamba amekuwa kichekesho na kwamba marehemu baba yenu angeona aibu. Hakuwahi kunionyesha barua hiyo, niliiona baada ya mazishi. Miaka sita hamkuandikiana. Nilidhani ni ugomvi wenu wa shamba. Sasa najua ulitokana na kalamu yangu, na nakuomba uupunguze kwenye mzigo wako na kuuongeza kwenye wangu.

Ningeweza kuishia hapa, ukanisamehe. Mtu kukosea tarehe siku yake ya kuzaliwa ni jambo la kusameheka. Lakini sijamaliza.

Oktoba elfu mbili na tano, tulipokuwa tunafungasha kwa ajili ya kustaafu, niliyapanga madaftari sandukuni nikafungua lile. Niliona ile kumi na tatu iliyokandamizwa, na nikakumbuka kila kitu kwa mara moja, upepo, paa, kununa kwangu. Orrin alikuwa chumba cha pili akiimba vibaya huku akifunga vitabu. Nililifunga daftari nikaliweka chini kabisa. Nilijiambia kwamba mzee ameshasahau, kwamba nikimwambia nitafukua kidonda. Uongo. Niliogopa asije akanitazama namna nyingine. Tulikuwa wawili tu, watoto hatukujaliwa, na mtu mwingine wa kunitazama sikuwa naye.

Itzel aliniwekea mezani karatasi ya miaka yote jiwe linapopita. Kidole chake kilipofika Machi elfu mbili na sita, miezi mitano baada ya Oktoba ile, niliusoma mstari ule mara mbili. Lilipita, wifi. Mwezi ulikuwa mpevu, anga jeupe, na kwa kuwa hakuna aliyejua pa kutafuta, hakuna aliyelitafuta. Lakini tungekuwa na tarehe sahihi njia ingehesabiwa, na Orrin angejua mahali pa kuielekeza darubini. Alikuwa na miaka sitini na tisa na macho mazuri. Wiki ile alikuwa anapogoa miti yetu ya njugu za pekani nyuma ya nyumba, analalamika kwamba hana la kufanya.

Aliishi miaka kumi na mitatu baada ya hapo, hadi siku uliyokuja kumzika. Kila siku ya miaka hiyo ningeweza kusema.

Basi Itzel, asiyejua lolote kati ya haya, akaniambia kwa upole, "Bi Verna, nadhani tarehe ya tatu imeandikwa siku moja pungufu. Nikiongeza siku, jiwe linakaa kama kifuniko kwenye sufuria. Na nina shahidi."

"Shahidi gani tena? Gaither ameshakufa."

"Kwenye bamba lilelile kuna sayari ndogo nyingine, inayojulikana miaka mingi. Mahali ilipokaa ni pa tarehe kumi na nne. Haiwezi kuwa kumi na tatu."

Nilimwambia kweli, hiyo haikanushiki. Akatoa karatasi aliyokwisha kuiandaa ili mimi, mwenye daftari, nitie sahihi. Iliandikwa kwamba tarehe ya usiku wa tatu ni kosa la mwangalizi. Mwangalizi ni Orrin.

"Ni maneno ya kawaida tu, bibi, usijali. Mzee anapewa jiwe lake, hilo kosa hakuna atakayelisoma."

Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Nikutajie jambo baya nililolifikiria? Nilifikiri: amekufa, hawezi kuumia, na amepata jiwe. Nilifikiri: nikitia sahihi, Lavonne atafurahi tu, ataniletea samaki, atakuja hata kunitembelea. Niliifikisha kalamu kwenye karatasi. Nikaona jinsi nilivyokaa, mimi na kalamu na tarehe ile ile, na yeye hayupo kusoma.

Nikaiweka chini. "Itzel, mwanangu, mume wangu hakukosea. Niliyeandika ni mimi."

"Sawa, lakini hamkuwa timu moja?"

"Tulikuwa. Ndiyo maana alibeba kosa langu."

Nikamsimulia yote, mpaka upepo. Alinisikiliza kahawa ikapoa. Alinisogezea tamale ya mwisho akaniambia nile, nimepauka. Kisha akaikata ile karatasi kwa mstari mmoja na kuandika upya juu yake. Tangu siku ile amekuja mara mbili, mara moja kurudisha bakuli ambalo halikuwa langu.

Tangazo limetoka wiki iliyopita na nakala nimekuwekea ndani ya bahasha hii. Zilizobaki ni tarakimu, usijisumbue nazo. Soma mistari miwili ya mwisho tu. Inasema: Mwangalizi wa kwanza, O. Teague, Cerro Pardo, Machi 1988. Tarehe ya usiku wa tatu imesahihishwa. Kosa ni la mwandishi wa daftari, V. Teague.

Nisalimie Tessa, mwambie hata kisiwani watu huwa wanahitaji soksi nzito. Msalimie Gordon, mwanao, na Bi Sorensen wa jirani ambaye hukusomea barua zangu ukipoteza miwani. Kama ndiye anayesoma hii sasa hivi, mama, samahani kwa kukuchosha. Mungu akulinde kwenye barafu na ngazi, akupe usingizi, akuondolee maumivu ya goti.

Kabla sijafunga bahasha. Nilikaa kwenye kiti kile cha pembeni miaka ishirini na sita, na katika matangazo yote tuliyotuma jina langu halikuandikwa popote. Sasa limeandikwa mara moja, na ni mahali pa kosa. Nilidhani nitaona aibu. Nimelitazama sana hapa mezani, jina lake, kisha langu chini yake, na nimeona kwamba ndipo mahali pekee duniani ambapo bado tuko pamoja.

Wewe ndiye mtu pekee anayeniandikia barua. Ukinyamaza nitaelewa sababu, na sitakulaumu, lakini naomba sana usinyamaze. Nitukane ukitaka, kurasa nzima mbele na nyuma. Ila tia stempu, Lavonne.

Wifi yako akupendaye, na aliyekukosea,

Verna